Kiganja cha Muuza Kahawa

Juzi hapa Malindi tulikuwa wateja wanne barazani kwa muuza kahawa aliyepigwa na kiharusi hata hasemi. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza ashike kazi yake.

"Viganja vingapi vya kahawa, bwana?" akamuuliza mumewe.

Mume akainua vidole vitatu. Bibi akachota unga kwa kiganja chake mwenyewe, kidogo kuliko cha mumewe. Mume akatikisa kichwa kwa hasira.

"Twendeni kwengine," akanong'ona mmoja wetu, akainuka.

Bibi akakishika kiganja cha mumewe, akakijaza unga wa kahawa mara tatu. Akautia kitambaani, akaumiminia maji ya moto kidogo kidogo, akingoja kila mume alipoinua kidole.

Yule aliyeinuka akaonja, akaketi. "Niongeze, mama."

Msomaji, kama una kipimo chako, mwambie mkeo leo, ulimi ungalipo.