Baiskeli ya Nicodemus Hailali Nje

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, ukungu haujatoka juu ya gati la Homa Bay, na Bi Dorine Nyangweso tayari ana jasho usoni. Amesukuma baiskeli kutoka nyumbani kwake chini ya mlima Asego hadi ukingoni mwa maji. Njia yote ni mteremko. Hakuipanda hata hatua moja.

Ni baiskeli nyeusi ya wanaume. Kwenye keria, mahali ambapo wengine humketisha abiria, pamefungwa kinoo cha mviringo kinacholingana na sahani ya ugali. Ukanda wa tyubu kuukuu unatoka kwenye gurudumu la nyuma hadi kwenye kinoo hicho.

"Nyar Rongo!" anaita Machuki, baharia anayepanga mizigo kwenye meli ya Kisumu. "Hata leo umetembea? Hiyo baiskeli inakupeleka, ama wewe ndiye unaipeleka?"

"Mimi ndiye naipeleka," anajibu Dorine. "Imezoea kudekezwa. Tukifika itaitisha hata chai."

Nyar Rongo ni binti wa Rongo. Ndivyo watu wa upande wa mumewe walivyomwita alipoolewa, na jina hilo likateremka naye hadi gatini. Machuki anainyanyua baiskeli, anaiegemeza kwenye reli ya sitaha na kuifunga kamba mara mbili. Dorine anajaribu fundo kwa kidole, kisha anaketi karibu na gurudumu la mbele.

Abiria wageni humtazama na kujiuliza. Mwanamke mwenye baiskeli nzima, isiyo na pancha, na haipandi. Isitoshe, kila jioni anarudi nayo, ilhali angeweza kuiacha Kisumu kwenye stoo ya mtu akajiokolea nauli ya mzigo.

Sababu iko nyumbani. Mumewe, Nicodemus, aliaga dunia mwaka jana, 1996, na vitu vyake havijagawanywa. Kwenye boma la kina Nyangweso, kitu cha marehemu kisichogawanywa hakimbebi mtu, tena hakitoki kikalala nje. Masharti hayo alipewa na Mzee Barnabas, baba mdogo wa marehemu, alipomwendea kuomba ruhusa ya kuendelea na kazi.

"Nilimuuliza, baba, na nikizungusha pedali ikiwa imesimama?" Dorine anakumbuka. "Akakuna kidevu. Akasema, hiyo haijaenda mahali. Basi nikashukuru haraka kabla hajafikiria tena."

Leo ni Ijumaa. Kesho Jumamosi ukoo unakutana kugawa. Boaz, mdogo wa marehemu, amesema wazi kwamba anaitaka baiskeli. Anataka kung'oa kinoo, aweke kiti cha sponji na kuingia kwenye boda boda. Yeye pia ana watoto. Dorine hamlaumu, lakini baiskeli hiyo ikiondoka, kazi yake imeondoka nayo.

Kisumu anapata saa tatu tu kabla ya meli kugeuza. Anashuka akitembea mbiombio hadi nyuma ya soko, anasimamisha baiskeli kwenye stendi ya vyuma aliyoichomelea Nicodemus, anajifunga leso kiunoni na kuketi juu ya tandiko. Miguu inaanza. Gurudumu la nyuma linazunguka hewani, kinoo kinavuma, na yeye amegeuza kiwiliwili nyuma kidogo, kisu kimelala kwenye jiwe.

"Mama, unaenda wapi?" anamtania mpita njia.

"Nairobi. Nikifika nitakuletea salamu."

Mteja wake wa kwanza ni Osman, mwenye bucha. Anamwaga visu saba juu ya gunia. "Umechelewa, mama. Tangu jana nyama inanicheka."

Kisu ni shilingi tano, mkasi wa fundi nguo ni kumi, kwa sababu mkasi una makali mawili na fundi ana maneno mengi. Homa Bay kazi ipo, lakini ni ya siku ya soko. Kisumu kuna mahoteli, mabucha na mafundi wa nguo waliopangana kama meno.

Alifundishwa na mumewe, na alifundishwa vibaya, anasema akicheka. Nicodemus aliugua muda mrefu. Kidogo kidogo akawa mwepesi kuliko baiskeli yake, hata hakuweza tena kuzungusha pedali. Aliketi kwenye kiti mlangoni, macho yamefumbwa, akimsikiliza mkewe akinoa.

"Alikuwa haangalii. Anasikiza tu. Nikikosea anasema, umelikasirisha jiwe. Nikipatia ananyamaza. Mpaka leo nikinoa vizuri nasikia vile alivyokuwa akinyamaza."

Mchana meli inageuza. Tangu mwanzoni mwa mwaka magugu maji yamekuwa yakitanda ziwani, kijani kibichi kama shamba la mtu, na siku nyingine gati halionekani mahali lilipo. Ijumaa hii, Homa Bay ikiwa tayari machoni, meli inapunguza mwendo, inatetemeka, inasimama. Majani yamejisokota kwenye propela.

Wengine wanapiga kelele, wengine wanafungua vifurushi vya chakula. Dorine anamwendea Machuki.

"Niitie mtumbwi, ndugu yangu. Baiskeli hii lazima ifike nyumbani leo."

"Mtumbwi upitie wapi? Hapa hata kiboko angeomba msaada."

"Basi nieleze mimi nitasema nini kesho."

Machuki akaongeza kamba ya tatu kwenye baiskeli, ingawa meli haikuwa ikienda popote. Dorine aliegemea gurudumu mpaka kukapambazuka. "Sikulia," anasema. "Niliyasikia tu maneno ya Boaz kabla hajayasema."

Asubuhi upepo uligeuka, magugu yakasogea kama mkeka unaovutwa, meli ikapenya. Dorine alipanda mwinuko akisukuma. Alipofika nyumbani, viti vilikuwa vimeshapangwa uani. Vitu vya marehemu vilikuwa vimewekwa pamoja juu ya turubai: koti, redio, jembe, kofia mbili. Beberu alikuwa ameshachinjwa na kutundikwa, na Boaz ndiye aliyekuwa akimchuna.

"Imelala wapi?" Boaz akauliza, kisu mkononi.

"Ziwani. Meli ilikwama."

"Ziwani ni nje ama ndani?"

"Shemeji, unajua jibu."

"Mimi nauliza wazee, sikuulizi wewe. Masharti yalikuwa mawili. Moja limekwisha vunjika."

Mzee Barnabas akaamuru baiskeli iwekwe kwenye turubai pamoja na vingine. Mama mkwe, Bathsheba, tangu jana yake alikuwa ametangaza kwamba kitu chochote kilicho pale kisiguswe na mtu mpaka kigawanywe, na Bathsheba akitangaza jambo hata kuku husikia. Wazee wakaanza. Mmoja akasema ziwa halina mlango, kwa hiyo ni nje. Mwingine akasema baiskeli ilikuwa imefungwa kamba na ina mtu wa nyumbani ubavuni, kwa hiyo haikulala, ilikesha. Wakaenda hivyo hadi jua likawa kali.

Kumbe tatizo lilikuwa upande wa pili wa ua. Ngozi ya beberu haitoki. Boaz alikuwa amebadilisha visu vitatu na vyote vilikuwa butu kama vijiko. Tangu Nicodemus aunde mashine yake, hakuna mtu pale aliyewahi kunoa kisu juu ya jiwe la kawaida. Vyote vilimsubiri Dorine, na Dorine alikuwa anoe Ijumaa jioni.

"Si umpe avinoe?" mtu akasema.

"Kwa mashine gani?" Bathsheba akauliza. "Iko kwenye turubai. Nilisema isiguswe."

"Mama, wewe ndiye ulisema," Boaz akamkumbusha.

"Ndiyo, nilisema! Nilijua mtalala na visu vibovu?"

Nzi walikuwa wameanza kukusanyika. Wajukuu walikuwa wameketi mstari mmoja na sahani tupu. Mzee Barnabas akataka waanze na koti, kama desturi ilivyo. Boaz, damu mpaka kwenye viwiko, akageuka.

"Koti la nini, baba? Gaweni baiskeli kwanza!"

"Na ililala nje?"

"Ililala na mwenyewe! Mpeni shemeji baiskeli anoe, watu wapate kula!"

Mzee Barnabas akamtazama. "Umesema mwenyewe. Usije ukanirudia."

"Sirudi. Mimi nipeni redio." Akafikiri kidogo. "Na koti."

Dorine aliivuta baiskeli kutoka kwenye turubai, akaisimamisha pale pale mbele ya wazee na kuanza kunoa. Anasema kwamba siku ya mazishi alikuwa na watu wengi wa kuwakaribisha na hakupata nafasi ya kumlilia mumewe sawasawa. Alilia siku hiyo, juu ya tandiko, miguu ikizunguka, na kwa sababu ya cheche na kelele za jiwe hakuna aliyemsumbua.

Baiskeli sasa ni yake. Inaweza kulala popote, na inaweza kumbeba. Lakini tangu wiki ile magugu yameziba gati kabisa, na meli haijulikani itarudi lini. Kisumu imekuwa mbali. Kazi iliyo karibu iko bonde la Lambwe, ambako wakulima wana mapanga na mafyekeo yasiyonolewa tangu yanunuliwe. Huko hakuna gati. Kusukuma baiskeli hadi huko na kurudi ni kumaliza siku barabarani.

Na Bi Dorine, aliyezungusha pedali zaidi ya mwaka mzima, hajui kuendesha baiskeli.

"Miguu inajua," anasema. "Ni hii katikati ndiyo inaanguka."

Mwalimu wake ni Boaz. Kila jioni anaweka redio juu ya kichuguu na kuwaachia watoto wamlindie, kisha anakimbia nyuma ya baiskeli akiwa ameshika keria kwa mikono miwili, koti la kaka yake likipepea. Jioni hii wamezunguka nyumba mara mbili bila ajali. Mara ya tatu usukani unakataa, na Dorine anaingia moja kwa moja kwenye matuta ya viazi ya mama mkwe.

"Nyar Rongo!" sauti ya Bathsheba inatoka jikoni. "Hivyo viazi vimekukosea nini?"

Dorine anainuka akipangusa goti, anakagua kwanza kinoo, kisha ukanda, mwisho yeye mwenyewe. "Mwezi ujao nataka niwe nimefika Lambwe," anasema.

"Utafika," anasema Boaz akihema, akiinyoosha baiskeli. "Lakini tutabeba viazi vya kutosha. Panda tena, shemeji, kabla mama hajatoka."