Timu Iliyokimbia Manyunyu

Enzi zetu, wewe mwenzangu uliyekuwa mtoto boma la Mdachi hapa Songea likiwa bado linanuka chokaa mbichi, mpira haukununuliwa. Ulikamuliwa. Tuliingia porini asubuhi na umande, tukachanja mitoria, ile mimea ya kutambaa yenye utomvu wa mpira, tukajipaka utomvu huo mikononi mpaka ukakauka, kisha tukaubandua uzi kwa uzi, na vinyweleo vikatoka nao bila kuomba ruhusa. Kila mchezaji alileta uzi wake tukauzungusha juu ya uzi wa mwenzake. Ndiyo maana mpira wetu ulikuwa mzito kuliko wa watu wengine, na ulidunda kuelekea unakotaka wenyewe.

Timu yetu iliitwa Kichuguuni. Tulikuwa tisa. Si kwamba kuna sheria iliyosema tisa. Baada ya vita na njaa iliyofuata, upande wetu ulibaki na watoto tisa wenye nguvu za kukimbia. Wa kumi angepatikana, angecheza.

Mchezo wenyewe vijana wa leo hawaujui, na nikiwaeleza wananitazama kama ninawauzia vitunguu vilivyooza. Ni rahisi tu. Mtupaji anarusha mpira, mpigaji anaubamiza kwa rungu, halafu anakimbia mpaka kwenye kichuguu kikubwa, anakigusa, anageuka. Wakimgonga kwa mpira njiani, amekwisha. Akifika salama pale alipoanzia, tunasema amerudi. Kwa hiyo hatukuhesabu mabao, tulihesabu waliorudi. Mhesabuji nilikuwa mimi, na nilihesabu mara mbili, kwa sababu ndivyo nilivyomwona mama akifanya mlangoni vita vilipokwisha: mara ya kwanza alihesabu waliofika, mara ya pili alihesabu kwa matumaini.

Sasa nikupe sifa za timu hiyo, na bei ni ile ile, usiniombe nipunguze. Haikuwahi kuwa na mchezaji wa akiba. Nahodha wetu, Komba, aliyekuwa komba kwa jina la ukoo na komba kwa kuruka, aliwahi kurudi mara tatu mfululizo akiwa na funza kwenye vidole gumba vyote viwili vya miguu. Mpira wetu uliwahi kuangusha kofia ya Mdachi aliyekuwa akijipitia juu ya punda. Siku ile hakuna aliyehesabiwa kurudi. Tulihesabu waliotoroka, nao walikuwa kumi na wanane, timu zote mbili bila kubakiza mtu. Ipo pia mechi iliyokufa katikati kwa sababu kumbikumbi walitoka kwenye kile kichuguu, na wachezaji wa pande zote wakaona mshindi ni tumbo.

Lakini ipo rekodi moja ambayo naamini hakuna timu duniani iliyoivunja. Katika kushindwa kwetu kote, mara tano tulishindwa na watu, na mara saba tulishindwa na mawingu. Nimehesabu tena. Saba.

Hiyo ilitokana na sheria ya Mama Komba, mamake nahodha. Ndiye aliyetulisha ugali wa ulezi na likolo, mboga chungu za porini ambazo mkononi mwake zilikuwa tamu, na aliyekula chunguni mwake alifuata neno lake. Mumewe alinyunyiziwa dawa ya maji kama wenzake, akaenda kupigana na Wadachi akiamini risasi zitayeyuka. Hakurudi. Tangu hapo Mama Komba akasema anayekwenda kushindana asiguse maji. Asinawe, asinywe, na tone la mvua likimdondokea, rungu chini, mchezo umekwisha.

"Maji nimeshayaamini mara moja," alikuwa akisema, "inatosha."

Basi tukicheza jua kali, midomo imetupasuka, wapinzani wakinywa kwenye vibuyu mbele yetu huku wakijilamba makusudi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuonja. Niambie leo ni timu gani ina utii huo.

Wapinzani wetu wakubwa walikuwa watoto wa lainini, yaani watoto wa maaskari wa Mdachi. Nitawasifu, maana walicheza. Nahodha wao, Farajala, alirusha mpira usiuone mpaka umekupita. Tatizo lao lilikuwa uwanja: wa kwao ulijaa mbuzi na mavi ya mbuzi, wakautamani wetu. Mabishano yakawa mengi, mwishowe tukakubaliana mechi moja iamue, na atakayeshinda awe na uwanja mpaka mavuno. Utasema ni kiwanja tu. Lakini sisi kwingine kote tulikuwa wabeba kuni na wafukuza ndege mashambani. Pale kwenye kichuguu ndipo pekee tulipokuwa watoto.

Siku yenyewe tulikwenda sare mpaka mwisho. Wao walirudi mara kumi na moja, sisi mara kumi na moja, na amebaki mpigaji mmoja tu, Komba. Akinyanyua rungu, manyunyu yakaanza.

Wenzangu wakaweka marungu yao chini kwa mazoea, hata kabla ya kufikiri. Watoto wa lainini wakacheka. Farajala akaudundisha mpira mkononi, akasema taratibu, "Mnaogopa nini? Baba zenu waliyaoga."

Komba alikuwa amesimama na rungu lake, shingo imemvimba, hapigi wala haweki chini. Akipiga, amevunja neno la mama yake. Akiweka chini, uwanja umekwenda, na lile tusi linabaki kuwa ndilo la mwisho.

Hapo ndipo Mama Komba alipotokea kwenye njia ya mtoni, mtungi kichwani. Alikuwa amesikia. Tulijua kwa jinsi alivyotembea. Akautua mtungi pembeni ya uwanja, akachota kata moja, akanywa yeye kwanza mpaka nusu, sote tukimtazama koo. Kisha akaingia mpaka kwa mwanawe na ile nusu.

"Kunywa," akamwambia. "Haya ni ya mtoni. Hayajaahidi kitu."

Komba akanywa. Mama akamfuta uso kwa ncha ya nguo, akamgeukia Farajala. Tulidhani atamtukana. Akamwambia tu, "Na wewe baba, rusha vizuri. Ukimaliza uje unywe."

Farajala akarusha vizuri kweli, na Komba akapiga. Mpira ule mzito ukapaa juu ya wote, na yeye akakimbia kwenye utelezi, akakigusa kichuguu, akaanguka, akainuka, mpira ukamkosa sikio kwa unene wa ukucha, akaja akiserereka kwa tumbo mpaka miguuni pa mama yake, tope mpaka kwenye meno.

Nilifungua mdomo kuhesabu, Mama Komba akanizuia kwa mkono.

"Mmoja amerudi," akasema. Kisha akasema tena, "Mmoja amerudi."

Uwanja ukabaki wetu. Farajala alikunywa, na wiki iliyofuata tukawaambia waje wacheze, ila mbuzi wabaki huko huko.

Leo vijana wana mpira wa kujazwa upepo, viatu vyenye meno, na mganga anayewanyunyizia viatu hivyo maji usiku wa kuamkia mechi. Nikiwauliza yale maji yameahidi nini, wananiambia, "Mzee, mambo ya zamani hayo." Sawa. Mimi hufunga genge langu la vitunguu pale Majengo mapema, naenda kukaa kwenye nyasi pembeni. Wanaingia kumi na mmoja. Filimbi ya mwisho ikilia wao hutazamana na kubishana juu ya mabao, nami natazama wanavyotoka. Kumi na mmoja. Nahesabu mara ya pili, halafu ndipo ninapouliza nani kashinda.