Mitungi Miwili ya Njano

Pikipiki ya shemeji ilipokataa kuwaka, nilijua kosa ni langu. Injini ile niliifungua mimi na nikaifunga mimi, na sikuwa nimewahi kufunga injini nzima peke yangu maishani. Shemeji hakulijua hilo. Nilikuwa nimemwambia kwamba kwenye gereji niliyofanyia kazi miaka miwili, karibu na Kariokor, nilikuwa nafunga injini mbili kila wiki. Ukweli ni kwamba kazi yangu kubwa pale ilikuwa kuosha vyuma vilivyofunguliwa na wengine, na kutumwa soda.

Tulikaa Kayole, ghorofa ya tatu, miaka ile ya tisini fleti zilipokuwa zikimea kila kona. Chumba cha ndani kilikuwa cha dada yangu, mumewe na mtoto wao wa miezi kumi na mmoja. Mimi nililala sebuleni, ambayo ndiyo iliyokuwa jikoni pia. Shemeji alikuwa mnunuzi wa mbuzi. Alizunguka vijiji vya Mwingi kwa pikipiki yake ndefu ya matairi yenye meno, ile ya kupita porini na kwenye mchanga, akinunua mbuzi wawili hapa, watatu pale, hadi lori likajaa na kuja kwenye soko la mbuzi la Kiamaiko. Bila pikipiki hapakuwa na mbuzi, na bila mbuzi hatungekula. Basi ringi za pistoni zilipolika na injini ikaanza kunywa oili, nilijitokeza kifua mbele: shem, ya nini kutafuta fundi na fundi analala sebuleni kwako?

Dada alinipa mafuta ya taa ya jikoni ya kuoshea vyuma. Yalikuwa ndani ya mtungi wa njano wa lita tano, ule unaokuja na mafuta ya kupikia. Ijumaa nilikwenda kununua petroli, nikaitia kwenye mtungi mwingine wa njano wa lita tano, maana hakuna nyumba Kayole iliyokosa mitungi hiyo. Jioni dada alitaka mafuta yake yarudi. Nikachukua mtungi mmoja pale uani, nikapanda nao ngazi, nikauweka chini ya meza, karibu na stovu. Niliochukua ulikuwa ule wa petroli.

Naweza kuliandika sasa kwa sentensi moja. Asubuhi ya Jumamosi sikulijua, na hakuna mwingine aliyelijua. Nyumba nzima ilikuwa inanuka mafuta tangu Jumatano: nguo zangu, beseni la vyuma lililokaa chini ya kochi ili visiibwe, hata mto wangu. Dada alikuwa amelalamika mpaka akachoka. Ungemwekea petroli chini ya pua asingeshtuka, na ndivyo nilivyomfanyia.

Ile asubuhi alichemsha chai kwa mafuta yaliyokuwa yamebaki kwenye stovu. Tulikunywa sote, tukashuka.

Nilimimina lita mbili za mtungi uliobaki uani kwenye tangi, nikachanganya na oili jinsi injini ya aina ile inavyotaka, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Shemeji alikuwa ameketi juu ya kreti la soda karibu na mfereji wa maji, amevaa jaketi, begi lake limeshafungwa. Alitaka kuwa njiani kabla ya saa sita. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na afadhali angekuwa.

"Itawaka tu, shem," nikasema. "Injini mpya huwa na maringo."

"Mimi sijasema kitu."

Kufikia kiki ya thelathini jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye viatu. Hofu yangu yote ilikuwa kwenye pistoni. Pistoni ina mshale mdogo juu yake, na mshale huo sharti uelekee upande wa bomba la moshi. Ukiuelekeza nyuma, ringi zinaweza kunasa na injini ikajila yenyewe. Nilikumbuka kuuona mshale. Nilikumbuka kuufuta kwa kitambaa. Ulielekea wapi, hilo sikulikumbuka hata kwa kufumba macho, na kila nilipokanyaga kiki nilingoja kusikia chuma kikivunjika mle ndani. Kama ningekuwa nimeua injini ile, ningerudi kwetu na basi la jioni, na dada angebaki kuelezwa na mumewe kuhusu kaka yake mwongo.

Nikafanya nilichoona wengine wakifanya. Nilitoa plagi, nikailaza juu ya silinda, nikakanyaga. Cheche ikaruka, ya buluu kabisa. Nikaziba tundu la plagi kwa kidole gumba na kukanyaga tena, kidole kikasukumwa kwa nguvu, kwa hiyo pumzi ilikuwepo. Nikafungua kabureta na kuipuliza. Plagi yenyewe ilikuwa imelowa chapachapa, kwa hiyo mafuta yalikuwa yakifika. Nilipanda juu mara moja kuchukua kiberiti, nikaichoma plagi mpaka ikakauka, nikairudisha ingali ya moto. Hakuna kitu. Kiberiti nikakitia mfukoni.

Jua lilikuwa limefika utosini. Wanawake waliokuwa wakifua walianika nguo zao, wakaondoka mmoja mmoja, na kila aliyepita alinipa pole. Pole zile zilinichoma kuliko matusi.

Mara dada akachungulia kutoka juu. "Wee! Kiberiti yangu uliweka wapi? Nimeshajaza stovu, na huyu mtoto analia njaa!"

"Nakuja nayo!"

"Mpelekee," shemeji akasema.

"Dakika moja, shem. Kitu kimoja tu cha mwisho."

Kitu hicho cha mwisho kilikuwa kumwaga kifuniko kimoja cha petroli moja kwa moja kwenye tundu la plagi. Hata injini iliyofungwa na kichaa hukohoa ukiinywesha hivyo. Nikainywesha kutoka mtungini, nikakanyaga mara kumi. Haikukohoa. Ndipo nilipoanza kuitilia shaka petroli yenyewe. Pale gereji tulikuwa na njia ya kuipima: unatia kidogo kwenye kifuniko cha soda, unakiweka mbali chini, unasogeza kijiti cha kiberiti, na petroli nzuri hurukia moto kabla hujaufikia. Nikatia, nikawasha kijiti, nikasogeza. Hakuna kilichoruka. Nikakitumbukiza kile kijiti mle ndani, kikazimika.

Nikawasha kingine. Kikazimika pia.

Haya ni mafuta ya taa, nikajiambia. Na nitakiri aibu yangu: kwa muda wa kupepesa jicho nilifurahi. Pistoni ilikuwa sawa! Mimi ni fundi! Kisha sauti ya dada ikanirudia masikioni, kwamba ameshajaza stovu.

Sikumwambia shemeji kitu. Nilikimbia. Baadaye alisema alidhani tumbo limenishika.

Ngazi za fleti ile zilikuwa na giza hata mchana. Nilipanda nikijigonga ukutani, nataka kupiga kelele na koo halitoi chochote. Kwenye ghorofa ya kwanza nilishika mfuko na kukuta kiberiti. Kiberiti ninacho mimi, hawezi kuwasha. Nikapunguza mwendo. Nilisimama kabisa, nadhani, nikivuta pumzi na kumshukuru Mungu. Nimeishi na kule kusimama kwangu miaka yote hii. Kwa sababu kila mpangaji wa pale alijua la kufanya akikosa kiberiti, na mimi nilikuwa nimelifanya mara nyingi.

Nilipotokea kwenye korido ya ghorofa ya tatu, dada alikuwa anatoka mlangoni kwa jirani. Mkononi alikuwa na kipande cha gazeti kilichosokotwa, kinawaka, ameukinga moto kwa kiganja kingine. Alitembea polepole ili usizimike. Mlango wetu ulikuwa wazi, hatua nne mbele yake.

Sauti bado haikutoka. Nilimrukia, nikaukamata ule moto kwa mkono mtupu na kuufumba ndani ya kiganja.

"Una wazimu?" akapiga kelele. "Utaniunguza!"

"Petroli," nikasema. Ndilo neno lililopatikana. "Stovu. Petroli."

Tuliingia pamoja. Stovu ilikuwa imejaa mpaka juu, tambi zake zimelowa. Mtoto alikuwa ameketi mkekani mkono mmoja kutoka pale, anatafuna kijiko, akatuona na kucheka. Dada alimtazama, akaitazama stovu, akaniangalia mimi. Ningependa angenizaba kofi. Alimnyakua mtoto na kutoka, na nikasikia miguu yake ikienda mpaka mwisho wa korido.

Niliirudisha petroli mtungini kwa mkono uliokuwa unatoka malengelenge, nikashuka nao. Shemeji aliniuliza kulikoni. Nikamwambia petroli ya kwanza ilikuwa na maji, na kwamba nilikuwa na nyingine juu. Alilaani kituo kile cha mafuta na kuapa hatakanyaga pale tena. Nilikausha tangi na kabureta, nikasafisha plagi, nikatia petroli niliyoitoa tumboni mwa stovu ya mke wake. Kiki ya tatu pikipiki ikanguruma, na ua mzima ukajaa moshi mweupe. Watu walishangilia. Shemeji, mtu ambaye hakunisifu hata mara moja, alinipiga bega na kusema kweli wewe ni fundi. Nilijificha nyuma ya ukuta wa mfereji na kutapika chai yote ya asubuhi.

Alipoondoka nilinunua mafuta ya taa dukani, nikapanda. Dada alikuwa bado mwisho wa korido, mtoto mgongoni. Nilimweleza yote, ya mitungi na ya uongo niliomwambia mumewe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Usimwambie," akasema. "Hatanunua mbuzi, atarudi hapa kulinda nyumba." Kisha akanionyesha mlango kwa kidevu. "Ingia wewe. Washa wewe."

Niliosha stovu kwa sabuni, nikabadilisha tambi, nikaijaza mafuta ya taa, nikafungua dirisha. Kijiti cha kwanza kilivunjika mkononi, cha pili pia. Cha tatu kiliwaka, nikakisogeza huku nimegeuza uso pembeni, na moto ukashika taratibu, ukazunguka tambi moja baada ya nyingine. Nikateleka sufuria ya maji na kumwita dada, nikamwambia ni salama.

 Alisimama kule koridoni na mtoto mgongoni hadi maji yakachemka.