Kifaranga cha Kompyuta

Mwaka ule tulikula michembe asubuhi na michembe jioni, viazi vile vilivyokatwa vikaanikwa juani mpaka vikawa kama vipande vya ngozi, huku maduka ya Nkololo yamejaa biskuti za kila rangi na juisi za pakiti. Ruhusa ilikuwa imetolewa, kila mtu auze anachotaka. Wa kununua ndio hatukuwepo. Hata pamba, ambayo zamani aliyeinunua ni ushirika peke yake, sasa ilikuwa na wanunuzi kila kona, kila mmoja na mzani wake na mdomo wake mtamu.

Mmoja wao alikipa kompyuta kikundi chetu cha wakulima. Ikawekwa ofisini, chumba kimoja cha bati kando ya ghala la mbegu, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bwana harusi. Karani wake alikuwa mtoto wa shemeji yangu. Mama yake alipougua, mimi ndiye niliyemnyonyesha, yeye titi hili, mwanangu titi lile. Nayasema haya ili mjue ni nani.

Jioni moja nilikwenda kuhakikisha nimeandikwa kwenye orodha ya mbegu. Macho yangu hayaoni vizuri, na ni mekundu. Huku kwetu tulikata miti yote tukapanda pamba, sasa tunapikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake ni pilipili. Kila mwanamke wa umri wangu ana macho haya, nayo watu huyaita ya mchawi. Basi nikainama karibu, nikaweka mkono juu ya ile kompyuta. Ilikuwa ya moto kama paji la uso la mtoto mwenye malaria.

"Mayu, usiishike," karani akasema. Mayu kwa Kisukuma ni mama.

"Mbona ina homa hii?"

Akacheka. Nilipokuwa natoka nilimwona akichomeka sahani inayong'aa, CD aliyotoka nayo Mwanza.

Asubuhi kompyuta haikuamka. Jenereta inanguruma, taa ndogo ya kompyuta inawaka, lakini kiooni ni herufi nyeupe chache kwenye weusi, basi, hazisogei. Wakaizima, wakaiwasha. Mwenyekiti akaipiga kofi mgongoni kama mtu aliyepaliwa. Na mawingu yalikuwa yameshajikusanya, na mbegu zimefungiwa ghalani kwa sababu orodha imo humo ndani.

Likaulizwa swali lile linaloulizwa kwetu ng'ombe akifa ghafla. Hawakuuliza nini kimeharibika. Waliuliza nani.

"Mayu aliishika," karani akasema.

Mchana wakaniita. Wazee wa kikundi kwenye viti, mganga wa kuku juu ya gunia, mwenyekiti ameshika kifaranga. Kwetu kesi husomwa hivyo. Unakitemea kifaranga mate mdomoni, mganga anakipasua, anasoma mapafu na mbawa zake. Kikikusoma vibaya umekwisha. Mwanamke mmoja niliyemjua alisomwa hivyo, akaondoka kijijini na godoro kichwani, na huyo alikuwa na bahati. Wako ambao hawakupata muda wa kukunja godoro.

"Mwadila, mayu," mwenyekiti akaniamkia, mpole kama mkwe. "Ni kutema tu. Kama huna kitu, unaogopa nini?"

"Wewe nawe umeigusa. Wameniambia umeipiga kofi. Mbona hutemi?"

Mtu akacheka nyuma, wakamnyamazisha.

"Mimi macho yangu si mekundu."

"Kampikie mkeo wiki moja kwa mavi ya ng'ombe, halafu urudi tuyaangalie."

"Mayu, hapa si mahali pa utani."

"Sawa. Kifaranga hicho sikitemei mate, na hapa sihami."

Kisha nikamgeukia karani. "Na wewe, ile sahani uliichomeka ya nini?"

Akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vipya, vyenye ncha. Mtu mzima, mwenye mke na watoto.

Wakanipa mpaka kesho, niteme au nihame. Jirani yangu, ambaye kila siku huja kwangu kuomba kaa la moto, siku ile alipita mlangoni akaenda kuomba mbali.

Kesho yake kabla ya saa sita akafika fundi kutoka Mwanza, ametumwa na yule mnunuzi. Msichana, amevaa suruali. Akanywa maji, akakaa, akaiwasha, akabonyeza kitu. Yakatokea majina mawili kwenye kioo. Akachagua la chini. Kompyuta ikaamka palepale, na orodha yetu yote imo.

Akatueleza polepole, nami nikamwelewa vizuri kuliko wazee. Ndani yake mna kitu kinaitwa kenel, ndicho kinachoamka kwanza kikawaamsha wengine. Mtu ameweka kenel mpya isiyopatana na mashine hii. Ya zamani haikuondoka, ilikuwa inangoja tu iitwe.

"Nani aliweka mpya?" akauliza.

"Mimi," karani akasema, sauti ya panya. "Niliogopa nitafukuzwa."

Aliogopa kufukuzwa kazi. Mimi je, nifukuzwe duniani?

Wazee wakakohoa. Nikangoja mmoja aniombe radhi. Mwenyekiti akainama, akafungua kamba kwenye mguu wa kifaranga, maana walikuwa bado nacho, wamekipa hata mtama.

"Mayu, tumeona. Lakini watu wameshasema, na maneno hayarudi. Tema kidogo tu, jina lako lisafike, wote tulale kwa amani."

Akampa karani. Karani akanisogelea, amekibana kifaranga kwapani, amekifungua mdomo kwa vidole vyake mwenyewe, ulimi wake mdogo unatetemeka chini ya kucha. "Nakuomba, mayu. Yaishe."

Yule niliyemnyonyesha. Mate yalinijaa mdomoni kweli, kwa kinyaa. Nikayameza.

"Kifaranga hicho sikitemei mate, na hapa sihami."