Ukuta Umetoka Vizuri

Simu yangu ya zamani ilikuwa na ugonjwa wa rangi. Dera la rangi ya damu ya mzee lilitoka kama nyanya mbivu, na jeusi likatoka kama limefuliwa miaka kumi. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kuchekesha. Mimi nauza madera, mabuibui na mitandio. Nina kibanda soko la Jericho, Nairobi, lakini siku hizi kibanda ni mahali pa kukalia tu. Wateja wenyewe wako kwenye simu. Unapiga picha, unatuma, mtu anachagua akiwa kwake, mtu wa boda anampelekea. Picha ikisema uongo, mwongo ni wewe. Mteja mmoja wa mtaa wa Lucky Summer alinirudishia mzigo kisha akanipigia.

"Mama, mimi niliona kijani cha majani ya chai. Hii uliyoniletea ni rangi ya ukuta wa zahanati."

Nikamwomba radhi. Alikuwa na haki yake.

Aliyekuwa akizishona nguo hizo ni mume wangu. Cherehani yake iko sebuleni kwetu, mtaa wa Tena, karibu na dirisha. Sifa yake ni shingo: hutarizi shingo ya dera kwa uzi wa dhahabu, majani na vikonyo vyake, mpaka mvaaji anaacha kuvaa mkufu. Simu yangu haikuuona uzi huo kabisa. Ilionyesha doa la manjano, kama mtu aliyemwagikiwa mchuzi.

Tulikuwa tumejiwekea akiba ya ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za nguo, kwa sababu kila vazi alilolimaliza ilibidi alipeleke kwa fundi mwingine azibiwe. Yeye ndiye aliyesema tuiache kwanza.

"Nunua simu. Ovaloki itangoja. Nguo isiyoonekana haiuziki."

"Na kama hiyo kamera ni maneno ya matangazo tu?"

"Jaribu ya mdogo wako. Si ameshanunua mpya? Siku ya Idi mwombe, upige hata nguo moja, uone kwa macho yako."

Mdogo wangu anauza vipodozi mjini, na kwake simu ni kama viatu, hachoki kubadilisha. Idi zote tulikuwa tukila kwa mama, Jericho, katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji. Asubuhi ile, baada ya swala, mume wangu alikwenda kuazima viti kwa majirani na kuvibeba kimoja kimoja hadi uani. Alikuwa amevaa kanzu aliyojishonea. Mama alimwona akipita na viti, akaniambia, "Mwambie huyo fundi asiviburute, sakafu itachubuka." Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kumtaja kwa jina. Fundi, au huyo bwana wako. Mimi nilikuwa nimezoea, kama mtu anavyozoea mlango unaokwaruza.

Mume wangu ni mtu wa bara. Alisilimu kabla hatujajuana, akasoma Kurani chuoni pamoja na watoto wadogo bila haya. Sisi asili yetu Lamu, ingawa nilizaliwa hapahapa Nairobi na Lamu naijua kwa hadithi za mama. Harusi yetu ilikuwa ndogo, msikitini tu. Watu wa Pwani hawakuja. Mama alisema safari ni ndefu na mama mkubwa, dada yake, ni mgonjwa wa miguu. Nilikubali.

Mdogo wangu alipofika, alinipa ile simu kabla hata ya kuvua viatu.

"Dada, hii kitu ni moto. Cheki vile inashika rangi."

Nilikuwa nimebeba dera moja la damu ya mzee kwenye mfuko. Nikalitundika ukutani, nikapiga kwanza kwa simu yangu, halafu kwa yake. Sikuhitaji kulinganisha mara mbili. Kwenye yake rangi ilikuwa ileile iliyokuwa mbele yangu, na uzi wa shingo ulihesabika. Nikamwita mume wangu aje. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama shingo aliyoishona mwenyewe, kisha akacheka.

"Hapa nilikosea, angalia. Hili jani halina kikonyo."

"Basi tununue?"

"Tununue. Hata makosa yangu inayaona."

Nikaamua palepale. Pilau ililiwa, na baadaye mdogo wangu akatupanga nje, mbele ya ukuta wa buluu, kwa picha ya familia. Mama kitini katikati, kaka zangu na wake zao nyuma, watoto wao chini kwenye mkeka. Simu akaisimamisha kwenye kigoda cha miguu mitatu, akaitegesha, akakimbilia nafasi yake huku akisema, "Shemeji, jipange pale mwisho." Mume wangu akasimama pembeni yangu, upande wa kushoto. Nikamwegemea kidogo.

Picha ilipoingia kwenye kundi la ukoo nilikuwa naosha vyombo. Nikafuta mikono, nikafungua. Kila mtu aling'aa. Mama alionekana kama amepunguza umri. Mtandio wangu, hata mikunjo yake ilikuwepo. Lakini upande wangu wa kushoto palikuwa na ukuta. Ukuta mtupu, wa buluu, na ule ufa ulioanzia dirishani ukaendelea hadi mwisho kana kwamba hakuna aliyewahi kusimama pale. Mimi nimeinamisha bega, naegemea hewa.

Chini ya picha salamu zilishaanza kumiminika. Mashaallah. Mwenyezi Mungu awahifadhi. Familia imetimia.

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa mlangoni, simu yake mkononi. Alikuwa ameshaiona.

"Ukuta umetoka vizuri," alisema, akaenda kuvikunja viti.

Nilimfuata mdogo wangu kwenye bomba uani.

"Shemeji yako yuko wapi?"

"Aki dada, usikasirike. Ni kitu ndogo tu. Unagusa mtu, anatoka, simu inajaza yenyewe."

"Sikuulizi simu inafanyaje. Nakuuliza kwa nini."

Akafungua bomba, akalifunga. "Si mimi. Ni mama aliniambia nimtoe. Picha ilikuwa inaenda kwa mama mkubwa."

"Na mama mkubwa ana nini na mume wangu?"

"Dada, kwani hujui? Yeye anajua mumeo ni mtu wa Malindi. Ati yuko Uarabuni kikazi."

Nilimkuta mama amepumzika kitandani, miguu juu ya mto. Nilimuuliza kwa adabu, kama tulivyolelewa. Hakukana.

"Mwanangu, dada yangu ni mtu mzima. Ningemwambia nini? Kwamba nimekuoza kwa fundi wa cherehani kutoka bara?"

"Ungemwambia hivyo hivyo."

"Mumeo amepungukiwa na nini? Pilau amekula. Heshima amepewa. Picha ni picha tu. Usiniletee fitina siku ya Idi."

Nikabusu mkono wake kwa mazoea, nikatoka. Mpaka leo najiuliza kwa nini niliubusu.

Tulirudi nyumbani kwetu, Tena, alasiri. Mume wangu alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani yake, akafungua dirisha. Nikamweleza yote, Malindi, Uarabuni, mama mkubwa mgonjwa wa miguu. Nilidhani nampa habari mpya.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Unakumbuka mama yako mkubwa alipokuja kutibiwa macho? Mama yako alinipigia. Akaniomba kwa upole sana nisionekane Jericho mpaka mgeni aondoke. Mimi nikakwambia nina kazi nyingi."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia ili iwe nini? Ugombane na mama yako? Mimi sikuoa mama mkubwa." Akatunga uzi kwenye sindano, akakosa tundu, akatunga tena. "Lakini wakati ule walinificha. Leo wamenifuta. Nilidhani ni kitu kimoja. Sicho."

Kisha akaniomba chai.

Kwa muda sikutaka kusikia habari za simu. Nilisema akiba irudi kwenye ovaloki. Yeye ndiye aliyenishawishi upya, akisema kamera haina kosa, haikujiamulia. Kwa hiyo tukainunua. Nikikutana na mtu akaniuliza kama inafaa kubadilisha simu kwa ajili ya kamera tu, namwambia inafaa. Madera hayarudishwi tena. Yule wa Lucky Summer ameniletea dada zake wawili.

Siku moja, mchana, jua likiingia dirishani, nilimpiga picha mume wangu akiwa kazini bila yeye kujua. Kichwa ameinamisha, futi ya kupimia shingoni, vidole vyake viko juu ya kitambaa cheupe. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Mishipa ya mikono inaonekana. Mvi zake chache zinaonekana. Nikaiweka kwenye kundi la ukoo, nikaandika: Huyu ndiye mume wangu. Ni fundi cherehani. Anaishi na mimi Nairobi na hajawahi kufika Uarabuni.

Nikaketi, nikasubiri dunia ianguke. Kaka zangu walisoma. Mdogo wangu alisoma. Mama alijitoa kwenye kundi. Baadaye likaja jibu kutoka Lamu, kutoka kwa mama mkubwa mwenyewe, yule ambaye kwa ajili yake mwanamume mzima alifutwa kama vumbi.

"Mashaallah, picha safi sana. Hiyo ni simu gani, mwanangu?"

Hakuuliza kingine. Sijui kama hakuelewa, au alielewa tangu zamani na hakujali, au mwanawe ndiye anayemsomea na kumwandikia. Nilimtajia aina ya simu. Akanishukuru.

Mama hajanipigia tangu siku hiyo, na nikimpigia humpa simu mdogo wangu aniambie kwamba amelala. Idi iliyofuata nilipika nyumbani kwetu, Tena. Nilipika pilau ya watu wengi kwa sababu mkono wangu haujui kupika kidogo, na mume wangu akapanga sahani mezani bila kuniuliza ni za nani. Tulikula wawili. Iliyobaki tukawagawia majirani.