Mkadiria Hasara na Swali la Kumi na Nne

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Mzee Futi amepiga magoti ndani ya jiko lililoungua, suruali imempanda juu ya vifundo vya miguu. Anapitisha kidole ukutani, anayatazama masizi, anakifuta kidole kwenye kitambaa. Mwenye nyumba amesimama mlangoni, anamwangalia kama mgonjwa anavyomwangalia daktari aliyenyamaza.

"Hapa ndipo moto ulipoanza, au pameangukiwa tu?" anajiuliza kwa sauti. Anatazama dari. Anatazama sakafu. Anatazama dari tena.

Dakika arobaini na tano zinapita hivyo. Zamani, anakiri, jiko kama hili angelimaliza kwa robo saa na chai yake angeikuta bado ya moto.

Baadaye anaingia mwanamke wa miaka ishirini na minane, jalada kwapani. "Shikamoo, mwalimu," anamwamkia. Anasoma maandishi ya mzee, anauliza maswali mawili, anapanda ngazi kuhakikisha mwenyewe, kisha anatia saini. Saini ni yake. Ngazi anaibeba mzee.

"Huyu nilimfundisha mimi kushika futi," anasema Mzee Futi tukirudi kwenye gari. "Leo yeye ndiye bosi, ananisainia. Nisikudanganye, inauma. Lakini hiyo siyo aibu yangu. Aibu yangu ipo, tutafika."

Mzee Futi, mwenye miaka hamsini na mmoja, ni mkadiria hasara. Moto ukiwaka, gari likigongwa au mafuriko yakiingia dukani, kampuni ya bima humtuma mtu kama yeye akaangalie, apime, aulize, kisha aandike ripoti: chanzo ni nini na hasara ni kiasi gani. Fidia hutoka au haitoki kwa kalamu hiyo. Jina la Futi alipewa na mafundi wa gereji kwa sababu ya futi ya chuma isiyokosekana mfukoni mwake, hata harusini.

Kwa miaka kumi na tisa amekagua hasara zaidi ya elfu mbili. Kwa miaka yote hiyo hakuwa na leseni.

Haikuwa siri ofisini. Mwenye ofisi, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na leseni moja na wakaguzi sita, naye alisaini kila kitu. Siri ilikuwa nyumbani. Sebuleni kwa Mzee Futi kuna fremu ya rangi ya dhahabu, na ndani yake kuna cheti. Mkewe, mpishi wa shule, amekipangusa vumbi kila Jumamosi tangu waoane. Wakwe wamepiga nacho picha. Ukikisoma kwa karibu utaona ni cheti cha kuhudhuria semina ya siku mbili.

"Hakuna aliyewahi kukisoma," anasema, na anacheka kicheko kisichofika mbali. "Watu huangalia mhuri."

Miaka miwili iliyopita mamlaka ya bima ilitangaza kwamba kila mkaguzi atakuwa na leseni yake: mafunzo ya miezi mitano, mtihani, fomu ya maadili, kisha kamati. Asiye nayo abebe ngazi. Malipo yake kwa kila kazi yakashuka hadi theluthi moja ya yale ya mwenye leseni, na ada ya mtihani peke yake humeza mapato ya wiki tatu.

Alifanya mtihani akapata alama arobaini na nane. Akarudia, hamsini na mbili. Akarudia tena, hamsini na tisa, wakati alama ya kufaulu ni sitini. Kila mara alimwambia mkewe kwamba amesafiri kikazi.

"Mficha uchi hazai," anasema mkewe, ambaye alijua ukweli pale karatasi ya matokeo ilipoingia kwenye ndoo ya nguo. "Nilikasirika wiki nzima. Si kwa kufeli. Kwa kunifanya nipanguse ile fremu miaka yote."

Safari ya nne aliamua kurudia mafunzo yote, akakaa darasani na vijana thelathini waliokuwa wakimwita babu. Wiki ya saba likaja somo la moto. Mkufunzi alisema kampuni za bima hukipa chuo majalada ya zamani, majina yakiwa yamefutwa, ili watu wajifunze kwa makosa ya wengine. Akaonyesha picha ukutani: duka la ushonaji lililoungua, meza ya kupigia pasi ikiwa imeliwa na moto kuliko kitu kingine chochote.

"Mkaguzi wa hapa aliona meza imeungua sana, akaiona pasi juu yake, akaandika: pasi iliachwa kwenye umeme, uzembe wa mwenye duka," mkufunzi alieleza. "Hakuinua kichwa. Tazameni dari. Ule waya umeyeyuka, umetoa kitone cha shaba. Moto ulianzia juu. Dari ikaanguka ikiwaka, ikatua mezani penye vitambaa. Meza ilikuwa imeangukiwa. Sasa niambieni, mkaguzi huyu alikuwa amelala au amelewa?"

Darasa likaangua kicheko.

Kwenye pembe ya picha ile palikuwa na futi ya chuma iliyofungwa kitambaa chekundu mwishoni, kwa sababu ndoano yake ilikuwa imevunjika. Mzee Futi aliitambua kabla ya kulitambua duka.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema. Anajikuna shavu. "Lakini unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilicheka na wao, tena kwa sauti, ili nisionekane. Kukosea, kila mtu anakosea. Lile cheko ndilo linaloniamsha."

Mwenye duka lile alikuwa mwanamke aliyelipia bima yake kila mwezi bila kuruka. Mkataba haukufidia moto wa uzembe. Kwa mstari mmoja wa Mzee Futi, alikosa fidia ya vyerehani vitatu, majora ya vitambaa na duka lenyewe. Ilikuwa miaka tisa iliyopita.

Mzee Futi alimtafuta kwa mwezi mmoja. Alimpata anashona kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba ya dada yake, cherehani kimoja, kiti kimoja cha wateja. Alikuwa amepanga maneno yake njiani. Alipofika, akatoa suruali na kuomba ipunguzwe urefu.

Wiki iliyofuata alipeleka nyingine. Kisha nyingine.

"Nikamuuliza, mume wangu, ni wewe unayerefuka au ni suruali zinazokua?" anakumbuka mkewe. "Kabati zima miguu nje, kama mtu anayevuka mto."

Mara ya nne alijikaza kisabuni, akasema. Fundi alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na hakuacha.

"Nilimjua tangu siku ya kwanza," ananiambia fundi huyo, mwanamke mpole wa sauti, asiye na haraka ya kumwonea mtu huruma. "Mtu aliyepima duka lako likiwa majivu utamsahau vipi? Nilikuwa nangoja nione ataleta suruali ngapi."

Nilimuuliza kama hasira zilimpanda.

"Hasira sikuwa nayo, kwa sababu nilimwamini. Yeye ndiye msomi wa mambo haya. Aliandika niliacha pasi, na mimi nikaamini niliacha pasi. Mama yangu alikufa akiamini hivyo. Wanangu mpaka leo wanajua mama yao alichoma duka. Unaona hapa? Sina pasi. Nguo za wateja nazipeleka kwa jirani anipigie, namlipa. Miaka tisa nimeogopa mkono wangu mwenyewe."

Mzee Futi alipomwomba msamaha, alimjibu hivi: "Msamaha nitakupa, kaka yangu. Lakini uliponiharibia uliandika. Basi na kunitengenezea uandike."

Hapo ndipo mambo yalipokaza. Mzee Futi aliiomba kampuni ya bima ilifungue tena jalada. Ikamjibu kwa sentensi mbili: ripoti itarekebishwa na yule yule aliyekagua hasara, na sharti awe na leseni yake mwenyewe. Kwa hiyo bila leseni, ukweli wake haukuwa na thamani kuzidi umbea wa mtaani.

Akarudi kwenye vitabu. Safari hii alipata alama sabini na moja. Nyumbani walichinja kuku, na mkewe akaitoa fremu ukutani bila kuambiwa.

Ilibaki fomu ya maadili. Swali la kumi na nne linauliza: "Je, umewahi kutoa ripoti ambayo baadaye uligundua kuwa haikuwa sahihi?" Anayejibu Hapana anaendelea mbele. Anayejibu Ndiyo anaambatisha maelezo, na kamati inaweza kumnyima leseni kwa muda wowote itakaoona unafaa.

Siku tatu kabla ya mwisho wa kurudisha fomu, nilikuwa mezani kwao.

"Andika Hapana," mkewe alisema. "Upate leseni, kisha umsaidie yule mama. Ukinyimwa, atasaidiwa na nani? Na wanao wawili shuleni atawasomesha nani?"

"Niipate leseni kwa uongo, halafu niitumie kuandikia ukweli?"

"Wangapi wameandika Ndiyo?"

"Sijui."

"Mimi najua. Hakuna." Alikusanya sahani kwa kelele kidogo. "Sikukatazi, baba watoto. Ila ukiandika Ndiyo, usije ukaniambia umesafiri kikazi."

Bosi wake kijana hakumshinikiza. "Nilimwambia, mwalimu, hata mimi niliandika Hapana na sina uhakika," ananiambia, macho yakiwa kwenye usukani. "Tangu aniambie habari ya lile duka, jioni nyingine nafungua majalada yangu ya zamani. Bado sijapata ujasiri wa kuyasoma hadi mwisho."

Ijumaa, saa nne asubuhi, naongozana naye hadi ofisi ya mamlaka. Foleni ina watu tisa, wengi wao wangeweza kuwa wanawe. Bahasha yake ni nene kuliko zote, kwa sababu maelezo aliyoambatisha yana kurasa nne na mchoro wa dari.

Karani anapekua fomu kwa wepesi wa mtu aliyezoea, ukurasa baada ya ukurasa, kisha anasimama. Anamtazama mzee kwa huruma, anainama karibu na kidirisha na kushusha sauti.

"Mzee wangu, hapa kwenye kumi na nne umekosea kisanduku. Si kitu, hutokea. Nikupe fomu nyingine safi ujaze upya?"

Nyuma yetu mazungumzo ya foleni yanakatika. Mzee Futi anashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Kwa kitambo nadhani ataipokea ile fomu nyingine. Mimi mwenyewe, nakiri, ningeipokea.

"Hapo sijakosea, binti yangu," anasema, kwa sauti ambayo foleni nzima inaisikia. "Nilikosea zamani. Piga mhuri."

Karani anapiga mhuri. Kamati itakaa baada ya wiki sita.

Nje, kwenye ngazi za jengo, namuuliza atafanya nini wakimnyima. Anasema ataomba tena mwaka ujao, na mwaka unaofuata, mpaka wachoke wao. Lakini barua ya kumsafisha fundi kwa wanawe, anaongeza, keshaiandika, bado mahali pa nambari ya leseni tu.

"Wakinipa, nitaisoma mwenyewe mbele ya wanawe," anasema. "Mstari wa kwanza nimeshaujua kwa moyo: Mama yenu hakuacha pasi."