Usimngojeshe kwa Ajili ya Nywele

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mjukuu wangu Kibet, ni siku ya kunyolewa watu wa nyumba moja, jirani zetu hapa Kapsoit. Nimekuita leo nikusimulie, kwa sababu jana ulikaa jikoni kwangu, kofia kichwani, ukanionyesha kwa simu picha za vichwa vya watu. Ukaniambia, "Kogo, hii si uchawi. Wanatoa nywele za huku nyuma, moja moja, wanapanda huku mbele. Vijana wengi wanafanya." Nikakuuliza kama inauma. Ukasema wanadunga sindano kwanza. Nikanyamaza, nawe ukafikiri nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nimeenda mbali, miaka zaidi ya hamsini nyuma, na nyanya yako akienda huko hukawia kurudi.

Halafu ulipokuwa ukitoka ukaongeza jambo lililonichoma. Ukasema umewaambia wazee wetu wasiende kwanza Kabianga kwa akina Chepkoech, mchumba wako. Koito, sherehe ya uchumba, isimame, mahari yasizungumzwe, mpaka ukapandikizwe nywele na zimee, nazo zinataka karibu mwaka mzima. Hutaki kukaa mbele ya baba mkwe na kichwa kama hicho. Nikakuuliza, "Na Chepkoech umemwambia ni kwa nini?" Ukacheka. "Aa, Kogo, hiyo nitamwambia baadaye." Sasa kaa chini. Chai iko kwa chupa, jimiminie.

Nilikuwa msichana mwenye miguu myepesi. Asubuhi tulichuna majani ya chai mimi na mama, mchana nikayapeleka kituoni yakapimwe. Karani wa kupima aliitwa Kipkemoi. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye maneno machache na macho ya kucheka. Kofia yake ya rangi ya kahawia haikutoka kichwani, jua liwake, mvua inyeshe, na wasichana walimtania kwamba alizaliwa nayo. Mimi sikumtania. Nilichelewesha kikapu changu makusudi ili niwe wa mwisho kwenye foleni, akimaliza kupima tupate kuongea. Mapenzi ni kikohozi, mwanangu, hayafichiki. Mama alijua, majirani walijua, nadhani hata ng'ombe walijua.

Kisha baba yake akafariki. Wakati ule watu wa nyumba ya marehemu walinyolewa baada ya mazishi, wake kwa waume. Siku hizi wengine wameacha, kila mtu na kanisa lake. Sisi wasichana wa jirani tuliitwa kuteka maji na kushika mabeseni. Mama mmoja mzee akakaa kwenye kigoda na wembe wake, na watoto wa marehemu wakawa wanakuja mmoja mmoja kuketi mbele yake. Kipkemoi alipoitwa, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika beseni. Alisimama kidogo. Akanitazama, akatazama chini, halafu akavua kofia.

Paji lake la uso lilikuwa limepanda mpaka katikati ya kichwa. Nywele zilibaki pembeni na kisogoni, na hapo mbele palikuwa na vinyweleo vichache tu vya kuhurumiwa. Alikuwa kijana kama wewe. Yule mama wa wembe, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, akasema, "Huyu kazi yake ni fupi," na watu wote wakacheka, hata Kipkemoi mwenyewe, huku machozi ya kumlilia babake bado yako machoni. Mwanangu, nikuambie jambo ambalo sikumwambia hata babu yako. Nilimpenda pale zaidi ya nilivyompenda jana yake. Kichwa kile kilikuwa kizuri, laini, na uso wake ukaonekana wote kwa mara ya kwanza. Nilitaka kukiwekea mkono. Nikalishika beseni kwa nguvu ili mikono isinitoroke.

Wiki zilizofuata ndizo ninazozitamani mpaka leo. Ndugu zake wote walikuwa na vichwa vitupu, kwa hiyo naye akawa kama wao, akaweka kofia kando. Alikuja kituoni kichwa wazi, akapima majani akiimba kwa sauti ya chini. Jioni alinisindikiza mpaka mtoni kwetu, akinisimulia habari za babake, na siku moja akasema mahindi yakivunwa atatuma wazee wake kwa baba. Nikajibu "sawa" kwa sauti ndogo, kama msichana mwenye adabu, halafu nikafika nyumbani nikakimbia mpaka zizini nikamkumbatia ndama. Ukiniuliza furaha ni nini, nitakuambia ni zile wiki. Nimezeeka, magoti yananiuma, majina ya watu yananitoka, lakini harufu ya majani mabichi kwenye shati lake haijaniacha. Natamani ningepewa jioni moja tu ya zile. Moja tu, hata ya mvua.

Lakini nywele za ndugu zake zikaanza kumea. Vichwa vyao vikawa vyeusi tena, na chake kikabaki vilevile. Siku moja kituoni mzee mmoja mcheshi akamwuliza kwa sauti, "Kijana, wewe bado uko kwa matanga?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Hapakuwa na ubaya ndani yake, watu wetu hutaniana hivyo. Kipkemoi aliendelea kupima bila kuinua uso. Kesho yake kofia ilikuwa imerudi.

Mahindi yakavunwa, wazee hawakuja. Msichana hakuuliza mambo kama hayo kwa mdomo, basi nilimuuliza kwa macho, akaniambia, "Ningoje kidogo tu. Kuna kitu natengeneza." Kitu gani, sikujua. Nilidhani ni nyumba. Kisha nikadhani ng'ombe wa mahari hawajatosha. Baadaye nikadhani ni mimi: labda mamake hanitaki, labda nina kasoro, labda kuna msichana mwingine huko Soin, maana kila Jumamosi alikuwa akishuka Soin na harudi mpaka jioni. Usilolijua ni usiku wa giza. Nilikaa kwenye giza hilo msimu baada ya msimu, nikitafuta kosa langu na nisilione.

Nyanya yangu mimi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko ule wembe, alinikuta siku moja nimeinamia majani sichuni. Akaniuliza, "Umemuuliza huyo kijana anangoja nini?"

"Siwezi, Kogo. Atanionaje?"

"Na yeye amekuambia?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa. "Basi nyinyi wawili mna ugonjwa mmoja. Mficha uchi hazai."

Nilinuna siku nzima. Nilidhani ananitukana, kumbe alikuwa ananipa dawa.

Baada ya hapo Kipkemoi akahamia kituo kingine upande wa Bomet. Watu walisema aliomba mwenyewe. Hakuniaga. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma vya kutosha, hata baba akachoka kunitazama. Babu yako akatuma wazee, nikaolewa. Usinielewe vibaya, Kibet. Babu yako alikuwa mtu mwema, aliniheshimu, na alizikwa na nywele zake zote, nyeupe pe. Katika maisha yangu yote naye nilimshukuru Mungu kwa mengi, lakini sikumbuki hata mara moja kumshukuru kwa zile nywele.

Miaka mingi baadaye, watoto wangu wakiwa wakubwa, tulikuwa na harambee kanisani. Nikajikuta jikoni namenya viazi na dada yake Kipkemoi, aliyekuwa ameolewa mbali. Tuliongea habari za mvua, za bei ya majani, kisha akasema bila kunitazama, "Kaka yangu alikupenda sana. Kule Soin kulikuwa na mtu wa dawa ya kuotesha nywele. Alimpaka mpaka ngozi ikaungua, akabaki na makovu. Alikuwa anangoja nywele ndio atume wazee. Alisema hataki uchekwe kwa sababu yake." Kisu kikaniponyoka. Nikamuuliza yuko wapi siku hizi. Akasema, "Tulimzika kabla ya mvua hii kuanza." Nikaokota kisu, nikaendelea kumenya, kwa sababu watu walikuwa wanangoja chakula.

Nywele, mwanangu! Mimi nilikuwa na neno moja tu ambalo lingemponya, kwamba kichwa chake nilikipenda. Yeye alikuwa na neno moja ambalo lingenitoa gizani, kwamba anaona haya. Kila mmoja akalishika lake, na sasa limebaki langu peke yangu, na wa kuambiwa hayupo. Kuna siku nalisema huko shambani, kwenye chai, hakuna anayesikia.

Sasa nikushauri. Mimi si daktari, na hospitali yako siifananishi na yule wa Soin. Kujipamba si dhambi, hata mimi nilitoboa masikio. Lakini uliniambia mwenyewe maneno ya daktari: kwamba wewe bado mchanga, nywele zako zitaendelea kuanguka nyuma ya hizo zilizopandwa, na huenda ukarudi kwake tena. Wewe chai unaijua. Ukijaza mapengo kwa miche na huku miti ya zamani inaendelea kukauka, kila mwaka utakuwa na mapengo mapya. Kawia ufike. Uliza tena, ngoja uone kichwa chako kinaelekea wapi, na ukiona bado unazitaka kwa moyo wako mwenyewe, nenda, mimi nitakuombea. Ila kama unazitaka ili msichana asikuone, hapo mimi nakukataza, na sina haja ya kuzunguka. Nywele ni zako, amua utakavyo. Mwaka wa kungoja si wako peke yako.

Tena kuna jambo sijakuambia. Chepkoech alikuja hapa Jumapili baada ya kanisa. Aliniletea maziwa. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akazungusha kikombe mkononi bila kunywa, mwisho akaniuliza, "Kogo, nimekosa nini? Kama kuna kitu nimekosa, si mniambie tu?" Kisha akalia, kimya kimya, kama mtu aliyezoea. Wakati huo sikuwa nimejua kwamba kisa ni nywele. Nilimwambia hajakosa kitu, lakini nilimwona usoni kwamba neno la nyanya halimtoshi. Na sasa kwa kuwa nimejua, bado si mimi wa kumwambia.

Basi inuka, chai iache. Kabla ya kwenda kwa daktari, nenda kwake, uvue kofia, umwambie unachokiogopa. Lolote atakalosema, lisikie mpaka mwisho, ndipo uamue.

Mungu akutangulie njiani, akupe maneno ukifika mlangoni kwao. Ampe naye moyo wa kukusikiliza. Mjaliwe watoto, mjaliwe ng'ombe wenye maziwa, mzeeke pamoja mkitazamana usoni bila kufichana kitu. Nenda, mwanangu. Yuko nyumbani, nimeshauliza.